Swali Uliloniuliza Mbele ya Sufuria

Zuena mwanangu,

Umekwenda Ruziba kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha, kukuombea na kukulalamikia kwamba Mwanza ni mbali. Kwa hiyo nina saa mbili tatu. Mama yako anakunja nguo zako chumbani. Mimi nimekaa uani kwenye kigoda changu cha kuchagulia mchele, daftari liko magotini, na sijui nianzie wapi. Mtu aliyepikia harusi nusu ya mtaa wetu wa Buyenzi bila mkono kutetemeka anashindwa na kalamu ya wino. Cheka tu, una haki.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyaandika yote kwenye kipande cha kartoni, kuanzia pasipoti mpaka sabuni, na zile sindano zako mbili alizokuletea mjomba wako kutoka Ubelgiji zimo kwenye mkoba wa begani, siyo kwenye sanduku litakalotupwa chini ya basi. Hilo tumelisema mpaka umeanza kuziba masikio. Mimi nina neno moja tu la kukwambia. Nimelibeba miaka kumi. Nitalifikia, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikilisema hapa juu naogopa hutasoma yatakayofuata.

Unajua watu wanavyoniita: Fundi Rojo. Pilau anaweza kuipika yeyote mwenye kuni na subira, lakini rojo langu la nyama, lile zito, linaloshika wali na kubaki kwenye vidole hata ukinawa, hilo lilikuwa na mtu mmoja tu mjini Bujumbura. Na unajua desturi yetu wapishi. Vitunguu tunakata pamoja, kuni tunachochea pamoja, lakini kila fundi huja na kifuko chake kimefungwa kwa uzi kutoka nyumbani. Wakati ukifika anawapa wenzake mgongo, anakikung'uta ndani ya sufuria, anakirudisha mfukoni. Hakuna anayeuliza kuna nini ndani. Kuuliza ni utovu wa adabu, ni kama kumuuliza mtu ana mali kiasi gani. Mimi nilirithi kifuko na adabu hiyo kwa baba yangu, nikaipenda kupita kiasi.

Ndani ya kifuko changu kulikuwa na karanga. Karanga zilizokaangwa polepole mpaka zikawa rangi ya udongo wa Buyenzi, zikamenywa, zikatwangwa laini na kupitishwa kwenye chujio mara mbili, kisha zikachanganywa na iliki na pilipili manga ili harufu yake ijifiche. Hapo ndipo palikuwa na ufundi wangu wote, katika kuificha.

Ulipokuwa na miaka mitatu nilikulisha rojo hilo kwa mkono wangu. Ulimeza tonge la pili, ukatoa ulimi nje, ukaanza kuukwangua kwa vidole, ukaniambia, "Baba, ulimi yangu iko na nywele." Tulicheka mpaka mama yako akashika mbavu. Neno lile tukalifanya tamasha la wageni. Kila aliyekuja nilikuita: hebu njoo mwambie shangazi ulimi wako una nini. Nawe ulisema, na ulipoona tunacheka ulicheka pamoja nasi. Katika wote tuliocheka hakuna aliyeutazama ule ulimi.

Nimelifikiria sana neno lile. Mtoto wa miaka mitatu hana msamiati wa kuwashwa kinywani, alichukua neno alilokuwa nalo. Mwingine husema koo lina mfupa, mwingine anavuta midomo yake, mwingine ambaye kwa kawaida hanyamazi ananyamaza ghafla na kutazama watu. Ulikuwa umenipa habari kamili, kwa lugha safi, mapema kabisa. Aliyekosa masikio ni mimi.

Ukaanza kukataa chakula changu, na hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Watu walinitania sokoni kwamba binti wa Fundi Rojo anakula wali mtupu. Ulipokuwa na miaka mitano nilikukalisha mbele ya sahani, wageni wanatazama, nikasema hutainuka mpaka umalize. Ulimaliza. Ukatapika kabla ya kufika mlangoni, midomo imevimba, nikasema mtoto huyu kadekezwa. Nakumbuka nilijisikia nimekufundisha adabu.

Ulipotimiza saba, rafiki yako wa avenyu ya pili akakugawia karanga za kwenye karatasi, tatu au nne tu. Ulirudi nyumbani macho yamefumba kwa uvimbe, mwili mzima una vipele vikubwa, kifua kinapiga filimbi. Daktari wa dispensari alituambia waziwazi: karanga asiguse kabisa, hata vumbi lake, na safari nyingine inaweza kuwa mbaya kuliko hii, kwa hiyo mtoto afundishwe kuuliza kila chakula kabla ya kula. Mama yako alirudi akatupa kinu, akatupa chujio, sombe yetu ya majani ya muhogo ikapikwa bila karanga tangu siku ile. Akaniambia na mimi niache. Nikamwambia nimeacha.

Sikuacha. Niliacha nyumbani tu. Karanga za harusi nilihamia kuzitwanga kwa shangazi yako, nikamwambia ni agizo la mteja. Hapa nyumbani nikawa napika rojo jingine, jepesi, la nyanya na vitunguu. Siku ya kwanza ulilipangusa sahani nzima kwa kidole, ukasema baba yako anajua kupika. Ndipo nikaelewa kwamba hukuwahi kukataa mkono wangu hata siku moja. Nilikuwa nimenuna bure miaka minne.

Sasa naifikia ile harusi.

Unaikumbuka kwa upande wako, nitakusimulia kwa upande wangu. Ni ile ya mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique aliyekuwa anamwoza mwanawe, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Sisi tulipika nyuma ya ukuta, wageni walikuwa chini ya hema. Nilikuwa na rojo, na kwenye sufuria ya pili alikuwa Idi na wali. Idi ni rafiki yangu leo, lakini wakati ule alikuwa ananinusa. Kwa miaka alikuwa anachovya kidole kwenye rojo langu nikigeuka, analamba, anatazama juu. Kila mtu alijua kwamba siku Idi akikijua kilichomo, mimi nimekwisha.

Ulikuja baada ya adhuhuri, umevaa gauni la njano, viatu umevishika mkononi kwa sababu vilikubana. Ulikuwa na miaka tisa. Ulisimama mbele ya sufuria, mbali kidogo na moto kama nilivyokufundisha, ukafanya kile ambacho daktari alikwambia ufanye. Uliuliza.

"Baba, mu rojo iko karanga?"

Idi aliinua uso kutoka kwenye wali wake.

"Apana, mwanangu," nikasema. "Nenda ukale."

Hilo ndilo neno. Nimelisema. Kwa miaka kumi watu wote, pamoja na mama yako, wamejua kwamba nilimdanganya kuhusu kifuko na kwamba niliweka karanga kwenye rojo la harusi ambako mwanangu alikuwapo. Nilikemewa kwa hilo nikastahili. Lakini walidhani ni usahaulifu wa mtu mwenye kazi nyingi. Hawakujua kwamba uliniuliza, nikakutazama machoni, nikakujibu uongo ili Idi asisikie.

Nitakwambia nilichokuwa nakifikiri, siyo ili unionee huruma, ila ujue jinsi jambo dogo linavyofanyika. Nilisema moyoni: nitamfuata baada ya dakika moja, nitamwondoa kwenye sinia, nitampa wali mtupu. Nilikuwa na nia hiyo kweli. Nikafuta mikono, nikaanza kuja. Mwenye harusi akanishika bega katikati ya njia, akaniingiza hemani, akawaambia wageni wake: huyu ndiye aliyepika. Watu wakaniinulia mikono ya shukrani. Nikasimama pale, mwanangu. Nilikuwa nasifiwa wakati koo lako linaziba, na sifa zile zilikuwa tamu.

Mliokula kwenye sinia moja mlikuwa watoto watano. Binamu zako walisema baadaye kwamba ulikula matonge machache, ukaacha, ukaenda kusukutua mdomo. Kisha ukapotea. Hukutaka kuharibu harusi ya watu, ukaenda kujificha nyuma ya rundo la kuni zangu. Mama yako ndiye aliyekukuta, umejikunja unashika tumbo, shingo na mikono vimejaa mabaka mekundu yaliyoinuka. Ulipotaka kumjibu sauti ilikuwa imebadilika, nzito, ya mtu mwingine. Ukakohoa kikohozi kikavu kisichokatika.

Nilifika nikakuta wanawake wamekuzunguka kwa mapenzi yao yote. Mmoja anakunywesha maziwa, kwa sababu sisi tunaamini maziwa yanaua kila sumu. Shangazi yako amekuwekea mkono kichwani anasoma, ana hakika ni jicho, gauni la njano limependwa na watu wabaya. Wawili wengine wanakuinua utembee upate hewa. Kila walipokusimamisha midomo yako ilizidi kupauka na macho yakazidi kwenda mbali. Hakuna hata mmoja pale aliyekutakia baya.

Mama Furaha ndiye aliyetupasua katikati. Kwetu alikuwa Mkongomani tu, muuza vitenge aliyekata sare za wanawake wa harusi, akaalikwa kwa heshima ya biashara na kukalishwa karibu na mlango. Hakuna aliyewahi kumuuliza alifanya kazi gani Uvira kabla ya kukimbia. Alikuwa muuguzi miaka mingi. Alisukuma kikombe cha maziwa kikamwagika.

"Musimusimamishe," alisema. "Mulazeni chini, miguu juu. Maziwa apana. Alikula nini?"

Wakamwonyesha sinia. Akauliza nani amepika, wakanionyesha mimi. Akanijia mpaka karibu na uso wangu, na hakupaza sauti.

"Papa, kuko karanga mu ile mchuzi?"

Nilimtazama Idi. Niamini nikikwambia, ulikuwa umelala chini miguuni pangu, na mimi nilimtazama Idi. Muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nimeshapika harusi nyingi tangu siku ile, nimeswali, nimezika, nimecheka, lakini zile pumzi mbili bado nazihesabu.

"Iko," nikasema.

Hapo kila kitu kikaenda mbio. Mama Furaha alisema hii si jicho, ni karanga, na kinachotakiwa ni sindano ya adrenaline sasa hivi, siyo kidonge cha kuzuia kuwashwa, kidonge kitachelewa. Gari lililokuwa karibu lilikuwa la bwana harusi, limefungwa riboni na maua mbele. Tulikulaza kiti cha nyuma, kichwa kwa mama yako, miguu juu ya mapaja ya Mama Furaha. Ulipoanza kutapika alikugeuza ubavu haraka. Njia nzima watu walitupigia vigelegele wakidhani tunampeleka bibi harusi. Kwenye kliniki Mama Furaha hakungoja kuulizwa jina wala umri, alisema mlangoni sindano wanayotakiwa kuichoma na mahali pa kuichoma, kwenye paja, upande wa nje. Baada ya dakika chache midomo yako ilirudi rangi, ukamtafuta mama yako kwa macho. Mimi nilikuwa nimesimama na aproni yangu bado inanuka karanga, nikaivua, nikaitupa kwenye pipa la nje.

Ulipokaa vizuri nilitaka kukurudisha nyumbani. Nilitaka zaidi kujificha mimi. Mama Furaha alikataa katakata, akasema jambo hili linaweza kuondoka na kurudi, mtoto akae aangaliwe. Nilimwona msumbufu. Kabla ya magharibi mabaka yakarudi, kikohozi kikarudi, ukachomwa ya pili. Kama ingefanyika nilivyotaka, ungekuwa kitandani kwako hapa Buyenzi, na sisi tunasema amechoka, mwacheni alale.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya nichukue daftari hili. Ni siku ya tatu, tumesharudi nyumbani. Nilikuwa nakuletea chai, nikafika mlangoni, nikamsikia mama yako anakuuliza. Alikuwa bado na hofu, na hofu yake hutoka kwa ukali, unamjua.

"Kwa nini haukumuuliza baba yako? Daktari alikuambia uulize kila mara."

Uliinua macho ukaniona. Nilisubiri useme. Nilijua nimekwisha, na sehemu moja yangu ilitamani useme yaishe.

"Nilisahau, mama," ukasema.

Akakugombeza. Alikugombeza mpaka akalia yeye mwenyewe, akakuapisha usisahau tena maishani, nawe ukaapa. Mimi niliweka chai kwenye meza, nikatoka uani, nikajifanya natengeneza mafiga. Ulikuwa na miaka tisa, bado una alama ya sindano pajani, na ulikuwa umeamua kumlinda baba yako. Na baba yako akakubali kulindwa. Nimewahi kuona watu wazima wakifanya mambo makubwa katika nchi hii, katika miaka migumu, lakini sijaona lililo kubwa kama lile, na ninaona haya kwamba nililishuhudia nikiwa upande wa anayelindwa.

Hatujawahi kulizungumza. Umekuwa ukinisalimia kila asubuhi kwa miaka kumi kana kwamba hunidai kitu. Hujanirushia neno hata tulipogombana kuhusu chuo, siku ile niliposema ufundi wa umeme siyo kazi ya msichana, wakati ungeweza kuninyamazisha kwa sentensi moja. Ulichagua kunishinda kwa hoja, na ukanishinda.

Nilichoweza kufanya nilikifanya kwenye sufuria. Harusi iliyofuata nilisimama mbele ya watu kabla ya kupakua, nikasema kwa sauti: rojo hili lina karanga, wali hauna, kachumbari haina, miiko ya rojo haitiwi kwenye wali. Walinicheka. Walisema Fundi Rojo kaingia wazimu, kaitangaza siri ya baba yake kama muuza magazeti. Idi alicheka kuliko wote, na harusi iliyofuata akapika rojo langu. Sasa hivi rojo la Idi ni zuri kuliko langu, na usimwambie. Ila kitu nisichokitarajia kilianza. Wanawake wakawa wananijia pembeni. Mmoja mwanawe huvimba akila mayai, mwingine ana mdogo wake aliyefariki baada ya kula samaki na familia ikasema karogwa. Walikuwa wamebeba habari hizo wenyewe, hawakuwa na wa kumuuliza, kwa sababu sufuria haiulizwi. Mama Furaha akaanza kuja nami kwenye harusi kubwa, akiuza vitenge vyake na kuwaeleza watu dalili.

Na wewe ukakua. Nataka ujue nilikuwa nakutazama. Kule Gihosha, tulipoalikwa kwa wakwe wa mjomba wako, mama mwenye nyumba alikusogezea bakuli la sombe na kusema usipokula umemdharau. Mimi nilianza kutafuta uongo wa kistaarabu, kazi ninayoijua. Wewe uliweka mkono kifuani, ukamwambia chakula chake kinanukia vizuri, lakini mwili wako ukionja karanga unaweza kufa, na je, zimo? Kwa utulivu, ukitabasamu, una miaka kumi na tatu. Yule mama alishtuka, akakiri zimo, akakukaangia mayai kwa kikaango kilichooshwa upya, na mpaka leo anakuulizia. Nilijifunza siku ile kwamba ukweli ukisemwa kwa heshima hauvunji karamu.

Halafu ile siku ya shule, ulipokuwa na kumi na sita, ile biskuti ya rafiki yako. Mwalimu wako ndiye aliyenisimulia. Alisema ulisimama katikati ya somo, ukasema ulimi unawasha na tumbo linakata, na kabla hajaelewa ulikuwa umeshalala sakafuni, miguu juu ya begi, ukajichoma sindano pajani juu ya sare, ukaishikilia palepale, ukamwomba aandike saa na apige simu. Alitaka kukuinua akupeleke ofisini. Ulimkataza. Ulimwambia ukisimama utaanguka, na kama hujapata nafuu baada ya dakika tano akukabidhi ya pili. Nilipofika ulikuwa umelala kwenye simenti katikati ya madawati, wenzako wanalia, na wewe ndiye unayewatuliza. Ukaniuliza kama nimekuja na gari au na moto, yaani pikipiki, kwa sababu kukaa juu ya moto hapana, inabidi ulale. Mtoto niliyemwita kadekezwa.

Kwa hiyo mimi sina la kukufundisha kuhusu sindano. Wewe ndiye fundi. Nina mawili matatu tu ya kuhusu watu, kwa sababu hilo nalijua kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

La kwanza ni kwamba hujawahi kudhuriwa na adui. Wote waliokaribia kukuua walikuwa wanakupenda: rafiki wa karanga, rafiki wa biskuti, shangazi na dua yake, na mimi. Mtu anayekupenda ana aibu zake, ana siri zake, anataka kukufurahisha, anasahau, na anaamini mapenzi yake yanatosha. Mwanza utapata wenzako wa chumba watakaokupikia siku ukiwa na mtihani. Kule wanatia karanga kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji wa lishe, na hawafikirii kuzitaja kama vile sisi tusivyotaja maji. Waulize. Wakijibu haraka sana, uliza tena kwa namna nyingine.

La pili, usijifiche nyuma ya kuni. Bado unayo tabia hiyo, nakuona. Ukijisikia vibaya unatafuta mahali pa pembeni, unaenda chooni, unataka ipite bila kumsumbua mtu. Safari hii, ulimi ukianza tu kuwa na nywele, nenda palipo na watu wengi na useme. Haribu harusi. Haribu mtihani, haribu swala ya jamaa kama ndiyo iliyopo. Na waonyeshe wenzako sindano siku ya kwanza, kabla hamjazoeana hata kuona haya, wajue kwamba inatangulia, hospitali inafuata, hata kama unawaambia umepona. Waambie sauti yako ikibadilika wasikuamini unaposema uko sawa.

La tatu nimelisahau. Mama yako ameingia uani.

Nimemwambia, Zuena. Sasa hivi, nikiwa na daftari mkononi. Sikutaka usome jambo ambalo yeye halijui, tayari umebeba siri moja ndani ya nyumba hii kwa muda mrefu. Nilimwambia uliniuliza, na nilivyojibu, na kwamba wewe hukusahau. Alikuwa ameshika lile gauni lako la njano, amelitoa chini ya kabati, limekuwa dogo kama la mwanasesere. Alilikunja, akaliweka begani.

"Nilimugombeza mutoto wa haki," akasema. Halafu akasema, "Maliza kumuandikia. We nitakusikiliza kesho, akishaondoka."

Sijui kesho itakuwaje, na ni sawa, ni zamu yangu. Usirudi njiani kuja kunitetea. Umeshafanya kazi hiyo vya kutosha.

Barua nitaiweka kwenye mkoba wako, chini ya sindano, uikute ukishavuka mpaka. Sikuombi msamaha kwa maandishi, kwa sababu utanipa, wewe ni mwepisi wa kutoa. Nakuomba kitu kingine. Ukija likizo nitakuwa nimeinamia sufuria mahali fulani, harusi ya nani sijui, Idi pembeni na wali wake, watu wamejaa. Njoo usimame mbali kidogo na moto, kama ulivyosimama siku ile, uniulize tena kuna nini mu rojo. Uliza kwa sauti. Nimengoja miaka kumi kukujibu.

Baba yako